Asili ya wapi? Namna ninavyoitembea bustani ya Kirstenbosch

Wengi wanaokwenda Kirstenbosch wanafuata nyasi. Wanatandika shuka mteremkoni, wanafungua vyakula, watoto wanabingirika hadi chini, na majira ya joto Jumapili jioni kuna muziki jukwaani huku mlima ukigeuka rangi nyuma yao. Sina neno na hilo, bustani ya umma ni ya watu kupumzika. Ila mimi kazi yangu ni mbegu na vitalu vya miti ya asili, na nikiingia katika bustani hii, iliyo upande wa mashariki wa Table Mountain jijini Cape Town, naingia na swali moja tu mfukoni: asili ya wapi?

Swali linaonekana la kijinga. Bustani yenyewe imejinadi tangu mwanzo kwamba inapanda mimea ya asili ya kusini mwa Afrika peke yake. Subirini kidogo, mtaona linavyochimba.

Kwanza historia kwa ufupi, maana bila hiyo hutaona upekee wake. Bustani za mimea za kikoloni barani kwetu zilikuwa mashamba ya majaribio. Entebbe ilianzishwa mwaka 1898, Amani kule Usambara Mashariki mwaka 1902, na kazi yao kubwa ilikuwa kujaribu mazao ya kigeni: mpira, kahawa, mkwinini, viungo, miti ya mbao inayokua haraka. Mjerumani hakuja Amani kuuliza mti wa Msambaa unaitwaje. Alikuja kuuliza ni mti gani wa mbali utampa fedha. Kirstenbosch ilipoanzishwa mwaka 1913 ilipewa amri iliyo kinyume kabisa, ikusanye na kupanda ya nyumbani tu. Asidhani mtu kwamba huo ulikuwa uungwana. Ardhi ilikuwa ya Cecil Rhodes, tajiri wa madini na mwanasiasa wa kikoloni wa Kiingereza, aliyeinunua mwaka 1895 na kuiacha kwa umma alipofariki mwaka 1902, na waliokaa mezani kuipanga walikuwa walowezi. Lakini amri ile ilizaa kitu ambacho sisi huku tumechelewa kuwa nacho: zaidi ya miaka mia moja ya kujua namna ya kuotesha mmea wa porini.

Leo eneo zima ni hekta 528, na sehemu iliyolimwa na kupandwa ni hekta 36 tu. Iliyobaki ni msitu na vichaka vya mlima vilivyoachwa vilivyo. Mwaka 2004 UNESCO ilipoiingiza Cape katika orodha ya urithi wa dunia kwa ajili ya mimea yake, bustani hii iliingia pamoja na mlima. Eneo la mimea la Cape halifikii hata sehemu moja ya kumi ya Tanzania kwa ukubwa, lakini lina spishi kama 9,000, na karibu asilimia 70 hazipatikani porini mahali pengine popote duniani.

Kuhusu wakati wa kwenda: mvua yao ni ya baridi, Mei hadi Agosti, kinyume na mazoea yetu. Agosti hadi Oktoba ndiyo msimu wa maua ya ardhini, yale ya jamii ya alizeti yanayotandaza rangi ya chungwa na nyeupe kila mahali. Nendeni mchana wenye jua, maana siku ya mawingu maua hayo hujifunga na mtaona majani matupu. Mkitaka protea, vile vichaka vya vichwa vikubwa vya maua, wakati wa baridi unafaa sana, chukueni tu koti la mvua. Desemba na Januari kuna upepo wa kusini-mashariki ambao unaweza kukunyang'anya kofia na ramani kwa mkupuo mmoja.

Mimi huanzia kwenye saikadi. Ni mimea yenye shina nene na majani magumu yanayofanana na ya mnazi mfupi, ingawa haina undugu na mnazi. Ni ya kale kuliko mimea yote inayotoa maua, na jamaa yake mmoja, mtapo, anaota kwenye misitu ya pwani yetu ya Kenya na Tanzania. Mkurugenzi wa kwanza, Profesa Harold Pearson, alianza kupanda bustani kwa saikadi hizi. Hakukaa sana, alifariki mwaka 1916 na amezikwa papo hapo bustanini, karibu na mimea yake.

Humo kuna mmea mmoja umefungiwa ndani ya kizimba cha chuma. Ni Encephalartos woodii. Mwaka 1895 John Medley Wood, mtaalamu wa mimea, alikuta kichaka kimoja cha saikadi hii pembezoni mwa msitu wa Ngoye, eneo ambalo sasa ni KwaZulu-Natal. Saikadi zina jinsia, kuna mimea dume na mimea jike, na kila mmoja hutoa koni zake, yaani vichwa vya magamba vinavyobeba chavua au mbegu. Kile kichaka kilikuwa dume. Watu wametafuta jike tangu wakati huo, hajapatikana. Kwa hiyo kila E. woodii iliyopo duniani, ya Kirstenbosch, ya Kew kule London na kwingineko, ni chipukizi lililobanduliwa kutoka ule mmea mmoja. Kwa lugha ya kitalu, duniani kuna mmea mmoja uliogawanywa vipande. Hautoi mbegu yake halisi na hautaitoa asipopatikana jike. Wanachofanya wataalamu ni kuchukua chavua yake na kuchavusha jike wa spishi ya karibu, E. natalensis, kisha kuchavusha tena watoto wa kike kwa chavua ileile, kizazi baada ya kizazi, ili damu ya woodii iongezeke. Saikadi moja hukaa miaka mingi kabla ya kutoa koni. Hesabuni wenyewe.

Na asili yake ni wapi sasa? Porini haipo tena. Anwani pekee iliyobaki ni bustani, na kwenye bustani yenyewe inakaa gerezani, maana chipukizi lake lina bei na wezi wanalijua. Sio maneno ya kutishia watoto: mwaka 2014 wezi waliingia Kirstenbosch wakang'oa saikadi 24 za spishi iliyo hatarini kabisa, wakatoweka nazo. Huwa nawaambia vijana wa kitaluni kwamba mwenye uchu wa mmea adimu ni mharibifu sawasawa na mkata mkaa, tofauti ni kwamba huyu anajua jina la Kilatini.

Kutoka hapo napanda kwenda kutazama ua wa van Riebeeck, yaani uzio wa miti. Jan van Riebeeck alikuja Cape mwaka 1652 kuifungulia kampuni ya Kiholanzi kituo cha meli, na mwaka 1660 wakapanda ua wa mlozi mwitu, Brabejum stellatifolium, kuzunguka makazi yao. Sehemu ya ua huo ingali hai ndani ya bustani. Matawi yake hulala chini, hujikunja, huota mizizi, kisha huinuka tena, hadi unapata ukuta wa miti usiopenyeka. Kazi yake ilikuwa kuwazuia Wakhoikhoi na ng'ombe wao wasiingie kwenye ardhi ambayo hadi juzi yake walikuwa wakichunga. Wakhoikhoi haohao ndio waliojua kula lozi zake, ambazo mbichi ni sumu, kwa kuziloweka na kuzipika kama tunavyofanya kwa muhogo mchungu. Wapo Waafrika Kusini wanaoutazama ua huu kama mstari wa kwanza wa ubaguzi uliochorwa kwenye ardhi yao. Mimi naongeza jambo moja la kitaaluma: mmea huu ni wa asili kabisa, wa Cape hasa, na ni wa familia moja na protea. Mmea wa nyumbani ulitumika kuwafungia nje wenye nyumba.

Hatua chache kutoka hapo kuna kinyume chake. Rhodes alipanda barabara ya mikafuri mwaka 1898, na mingi ingali imesimama, mikubwa, yenye vivuli vinene. Mkafuri ni wa Asia ya Mashariki, ndio mti wa kafuri, ile karafuu maiti tunayoijua kwenye sanda. Vunja jani moja lililoanguka ulinuse, utaipata harufu mara moja. Bustani inayopanda vya asili tu imeibakiza kwa kuwa sasa ni kumbukumbu ya historia. Nimewasikia wageni wakiiona hiyo ni unafiki. Mimi sioni hivyo. Mti wa miaka zaidi ya mia moja usiosambaa ovyo msituni haunisumbui. Unaonisumbua ni ule unaozaana.

Hapo ndipo nawaza Amani. Mmoja wa miti iliyopandwa Usambara Mashariki enzi za ukoloni ni musizi, Maesopsis eminii. Ni mti mzuri, unakimbia kukua, mbao zake zinauzika. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati hadi Uganda, na ndani ya mipaka ya Tanzania yenyewe upo kule Kagera. Mtu akikuuliza kama ni mti wa asili wa Tanzania, ukitazama ramani ya nchi utasema ndiyo. Lakini Usambara haukuwepo, na ulipofika hondohondo walipenda matunda yake, wakazisambaza mbegu hadi ndani ya msitu, na penye uwazi wowote ukatangulia ukachukua nafasi ya miti ambayo haipo mahali pengine duniani. Mpaka wa nchi si mpaka wa mmea. Ndiyo maana swali langu si "ni wa asili?" bali "asili ya wapi?", na nataka jibu litaje mlima, bonde, aina ya udongo.

Kirstenbosch nayo haijaliepuka tatizo hili. Ingieni kwenye nyumba ya vioo, katikati mtakuta mbuyu. Mbuyu wa Afrika Kusini ni wa kaskazini, Limpopo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo, na ukiuweka nje kwenye mvua ya baridi ya Cape Town utaoza. Humo humo kuna Welwitschia, mmea wa majani mawili tu yanayorefuka maisha yake yote, ambao ni wa jangwa la Namibia na Angola na ambao Pearson aliutafiti sana kabla bustani haijazaliwa. Kwa mbuyu huo, mlima ulio nje ya kioo ni ugenini kabisa. Anawekewa joto, ananyimwa maji, kama wanavyotunzwa wageni wote wa nyumba za vioo duniani. Kwa hiyo "mimea ya asili" hapa ina maana mbili zinazoishi pamoja, asili ya nchi na asili ya mlima, na mtembeaji mzuri hujiuliza kila mara yuko upande upi.

Sasa tuje kwenye sehemu inayonichukulia muda kuliko zote, vitanda vya protea, vilivyo juu juu bustanini ambako udongo ni mchanga wa mawe ya mlima. Uoto huu wa Cape unaitwa fynbos. Una makundi manne ya kutazama: protea, erika zenye vijani vyembamba vidogo, restio ambazo mtu atadhani ni matete membamba, na mimea ya vitunguu vya ardhini. Sisi wa Tanzania si wageni kabisa hapa. Kilimanjaro kuna ukanda mzima wa erika juu ya msitu, na protea zipo hukohuko na kwenye nyanda za juu kusini. Ukipita Kitulo, ile hifadhi watu wanayoiita Bustani ya Mungu, utaona Kniphofia za rangi ya moto kama zilizopandwa Kirstenbosch. Tofauti ni wingi: Cape peke yake ina spishi za erika zaidi ya 600.

Chuchumaeni kwenye kitanda cha protea muutazame udongo kabla ya ua. Hamtaona samadi. Hamtaona mtu anapalilia kwa jembe. Mimea ya familia hii imezoea udongo maskini kupindukia, na karibu na uso wa ardhi huotesha vishada vya vijizizi vyembamba vilivyosongamana, vinavyotoa tindikali za kuifungua fosforasi kidogo iliyokwama kwenye mchanga. Ni mashine ya kukamua jiwe. Ukiupa mmea kama huo mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, hauna breki ya kuizuia, unaifyonza mpaka inaugeukia sumu na majani yanaungua kingo. Ukichimbachimba shinani unavikata vile vishada. Mtunza bustani anayeijua kazi yake hapa hujulikana kwa mambo asiyoyafanya.

Mtafute na mti wa fedha, Leucadendron argenteum. Porini unaota karibu wote kwenye miteremko ya rasi hii ya Cape tu, basi hapa kwa mara moja jibu la swali langu ni rahisi: asili yake ni mlima huuhuu. Usichume jani, chukua lililoanguka. Pitisha kidole kutoka kitakoni kwenda nchani, kisha rudisha kinyume. Utasikia manyoya laini ya hariri yakilala upande mmoja na kukukatalia upande wa pili. Manyoya hayo hulala yakibana jani siku za joto kavu, na ndipo mti mzima unapong'aa kwa mbali. Mti huu una tabia ya kufa ghafla. Jana umesimama, wiki ijayo umekauka wote, kwa sababu ya kimelea cha kuozesha mizizi kinachoitwa Phytophthora, ambacho husafiri na tope la viatu na miche ya vitalu. Ndiyo maana mimi husugua soli kabla ya kuhama kitalu kimoja kwenda kingine, na wanaonicheka wanicheke.

Halafu kuna moto. Fynbos huungua kila baada ya miaka kumi hadi ishirini na kitu, na bila kuungua huchakaa. Kila mmea una namna yake ya kupita motoni. Protea kubwa kuliko zote kwa ua, Protea cynaroides, ambayo ni ua la taifa la Afrika Kusini, ina gogo nene chini ya ardhi. Juu huungua lote, na chini huchipua upya. Protea repens hufa kabisa, lakini mbegu zake huwa zimefungwa miaka kadhaa ndani ya vichwa vikavu vinavyofunguka baada ya mmea kuungua, mbegu zikaanguka kwenye majivu yasiyo na mshindani. Leucospermum, zile zenye ua kama pini nyingi zilizochomekwa, zimefanya mkataba na wadudu chungu: mbegu ina kipande cha mafuta kwa nje, chungu huibeba hadi shimoni, hula mafuta, mbegu wanaiacha huko chini ambako moto haufiki. Bahati mbaya chungu wa Argentina, walioletwa na meli, wamewafukuza chungu wenyeji sehemu nyingi. Wageni hawa hula mafuta juu ya ardhi bila kuzika mbegu, panya wanaikuta, na kitanda kizima cha Leucospermum hakirithiwi.

Miaka mingi watu wa kitalu walisumbuka na mimea ya fynbos iliyokataa kuota. Walijaribu joto, walijaribu kukwangua maganda, walijaribu baridi. Mwaka 1990 Hannes de Lange, mtafiti wa hapohapo, pamoja na mwenzake walichapisha matokeo kuhusu kichaka adimu kiitwacho Audouinia capitata. Kilichokuwa kinaamsha mbegu ni moshi. Baada ya hapo kitalu cha Kirstenbosch, Neville Brown akiwa mstari wa mbele, kilifanya kazi ya kuchekesha kuitazama na nzito kwa matokeo: pipa la kuchomea majani ya fynbos, bomba, na hema dogo la plastiki lililofunika trei za mbegu. Moshi unaingizwa hemani, unatulia juu ya udongo, trei zinamwagiliwa. Restio na erika zilizokuwa sugu zikaota. Wakaenda mbali zaidi, wakapitisha moshi kwenye maji, wakalowanisha karatasi kwa maji hayo na kuzikausha, na mtu wa kawaida akaweza kununua kipande cha karatasi, akakiloweka kwenye bakuli pamoja na mbegu zake usiku kucha, asubuhi akapanda. Mwaka 2004 wanakemia wakakitambua kiambato chenyewe ndani ya moshi, na kinafanya kazi kwa kiasi kidogo mno.

Huku kwetu bibi zetu waliweka mbegu za mahindi darini juu ya jiko, na nimeulizwa mara nyingi kama ni jambo hilohilo. Sio. Ule moshi ni wa kufukuza wadudu, na hindi huota bila kuamshwa. Swali la maana zaidi ni la miombo, ambayo nayo huungua kila kiangazi: mbegu zipi humo zinangoja moshi? Hilo ni jaribio lisilohitaji maabara. Pipa, bomba, plastiki na trei mbili, moja ya moshi na moja isiyo na moshi.

Kwenye sehemu ya mimea yenye matumizi huwa napita haraka, ingawa wageni wengi huipenda: kuna buchu, kichaka cha dawa chenye majani yanayonukia, kuna roiboshi, ile ya chai, yenyewe ikiwa hai na sio kwenye pakiti, kuna Pelargonium ya dawa ya kikohozi. Vibao vinaeleza vizuri. Ninaposimama ni kwenye mti aliopanda Nelson Mandela hapa Kirstenbosch mwaka 1996, Warburgia salutaris, wenye gome linalowasha kama pilipili. Ndugu yake wa kwetu, Warburgia ugandensis, Wamaasai wanamwita osokonoi, na kila mwenye kifua anajua sokoni yuko kwa nani. Yote miwili inakufa kwa sababu moja: gome likibanduliwa kuzunguka shina, mti hauponi. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba majani nayo yana viambato vinavyofanana na vya gome, na jani huota tena. Kumshawishi mganga na mteja wake wakubali jani badala ya gome ni kazi nyingine, na kwa maoni yangu ni kazi ya sokoni kuliko ya bustani.

Mandela ana mmea wa pili hapa. Strelitzia ya kawaida, ile ya bustani za hoteli yenye ua kama kichwa cha korongo, ni ya rangi ya chungwa. Mara chache mno hutokea ya njano. John Winter, mtunza bustani wa hapohapo Kirstenbosch, alianza miaka ya 1970 na mimea michache ya njano, akaichavusha yenyewe kwa yenyewe kwa mkono, akasubiri mbegu, akapanda, akasubiri miaka mpaka ua litoke, akachagua, akarudia. Ilitimia takriban miaka ishirini kabla ya kuitoa kwa umma mwaka 1994, na mwaka 1996 ikapewa jina la Mandela's Gold. Mtazameni ua lake kwa karibu. Zile petali mbili za buluu zimeungana kuwa mshale. Ndege akija kunywa mbochi hukanyaga mshale huo, uzito wake unaufungua, na chavua inampaka miguuni. Bonyezeni taratibu kwa kidole mtaona unavyofunguka.

Na hapa kuna kichekesho cha bustani nzima. Maua yaliyochavushwa yalilazimika kufunikwa kwa waya wa kuku, kwa sababu kindi wa kijivu walikuwa wanakula mbegu. Kindi hao si wa Afrika, ni wa Marekani, na aliyewaleta Cape ni Rhodes, yuleyule wa mikafuri na ardhi. Mtu mmoja kaacha shamba la kulinda mimea ya asili na akaacha pia mnyama wa kuila. Watoto huwapenda sana kindi hao, na wanajua hivyo, watakuja mpaka kwenye mkate wako. Usiwape.

Nisisahau daraja la juu ya miti. Lilijengwa kuadhimisha miaka mia ya bustani, linapinda kama nyoka kwa mita 130 na kufika mita kama 12 juu ya ardhi, na limepewa jina la nyoka wa mitini. Kiti cha magurudumu kinapita. Mimi nalipendea jambo moja: unasimama usawa wa vilele vya podo, ambazo Usambara na Kilimanjaro huwa natazama mashina yake tu shingo ikiniuma, na hapa unaona koni na machipukizi usawa wa macho.

Mkiwa bustanini someni vibao kwa utaratibu. Jina la Kilatini na familia kila mtu huvisoma. Nyie tafuteni pia namba ndogo ya usajili. Bustani ya kweli ya mimea hutunza, kwa kila mmea, kumbukumbu ya mbegu ilikotoka, nani aliiokota na mwaka gani, na namba ndiyo ufunguo wa kumbukumbu hiyo. Mmea mzuri usio na namba ni pambo. Ndilo jambo la kwanza ninalolitafuta nikitembelea kitalu chochote cha miti ya asili Afrika Mashariki, na mara nyingi silikuti. Miche imepangwa vizuri, imeandikwa "mvule", imeandikwa "mkongo", lakini ukiuliza mbegu zimeokotwa msitu gani unaambiwa zililetwa na gari. Mvule wa Muheza na mvule wa Kigoma si lazima wazoee mvua moja. Kwa wanaotaka kuona ya karibu, Brackenhurst kule Limuru, Kenya, wamekuwa wakirudisha msitu wa miti ya asili tangu mwaka 2000 mahali palipokuwa na mikaratusi na misonobari, na ni mahali pazuri pa kujifunza hesabu hizi bila kupanda ndege.

La mwisho ni la forodhani. Kirstenbosch wanauza miche na mbegu, na vishawishi ni vikubwa, hasa kwa mtu kama mimi. Msibebe kitu bila cheti cha afya ya mimea cha Afrika Kusini na kibali cha kuingiza mimea cha nchi yenu, kilichopatikana kabla ya safari. Saikadi zina sheria zake nzito za kimataifa, hata kipande chake usiguse. Udongo wa kwenye sufuria ndio hatari zaidi ya mmea wenyewe, kwa sababu ya ile Phytophthora. Nunueni zile karatasi za moshi mkizikuta, pigeni picha za vibao pamoja na namba zake, osheni viatu kabla ya kufunga begi, na mbegu za kuzijaribia moshi huo ziokoteni nyumbani, chini ya miti mnayoijua ilipo.